Siri zinavujia kaunta

Makala nyingi za faragha ninazozisoma mtandaoni zinamwogopa mtu ambaye haishi Moshi. Zinamwogopa mdukuzi wa nchi ya mbali, zinayaogopa makampuni makubwa ya Marekani, zinakushauri uweke VPN, programu ya kuficha mahali ulipo mtandaoni (ambayo, tukumbushane tu, tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inataka anayeitumia aitolee taarifa). Sisemi hofu hizo ni za uongo. Ila kwa muda wote niliokaa nyuma ya kaunta sijampata mteja aliyelizwa na mdukuzi wa mbali. Niliowaona wamelizwa na shemeji, na mpangaji mwenzao, na kijana waliyemtuma dukani, na mkopeshaji waliyempa wenyewe ruhusa ya kuchungulia simu yao.

Nina steshenari hapa Moshi, upande wa Mbuyuni, na pembeni ya mashine ya fotokopi nafanya uwakala wa mitandao ya simu. Watu wanakuja kutoa hela, kutoa kopi ya kitambulisho, kuchapa barua ya kazi, kulipia king'amuzi, kujaza fomu ya mkopo wa chuo. Ikifika saa kumi jioni najua mambo ya watu kuliko padri. Nani kaachishwa kazi, nani anadai talaka, nani ana kesi ya kiwanja Rau, nani anampeleka mtoto hospitali ya KCMC wiki ijayo. Sikuuliza hata moja.

Nianze na sauti, maana ndiyo inayovujisha zaidi. Mtu anaingia, foleni ina watu watano, anasema kwa nguvu zote, "Dada, nitolee laki mbili na nusu." Wote watano wamesikia, na bodaboda aliyeegesha nje kasikia. Kisha anataja namba yake ya simu tarakimu kwa tarakimu, kama anaisoma redioni. Mtu huyo huyo akifika nyumbani ataweka kufuli mbili mlangoni.

Halafu wanakuja bibi zetu kutoka vijijini, siku ya soko. "Mjukuu wangu, miwani nimeisahau. Niwekee wewe. Namba ya siri ni mwaka aliozaliwa babu yako, elfu moja mia tisa arobaini na nane." Simu imeshafika mkononi mwangu kabla sijajibu shikamoo. Ukweli ambao wateja wengi hawaujui ni kwamba wakala hahitaji namba yako ya siri kwa muamala wowote. Ukiweka hela, mimi nahitaji namba yako ya simu tu. Ukitoa, unabonyeza mwenyewe kwenye simu yako: namba ya wakala, kiasi, namba ya siri, basi. Wakala akikuomba namba ya siri, hata kwa upole na kwa nia ya kukusaidia, ameomba kitu ambacho kazi yake haikihitaji. Kwa hiyo bibi namrudishia simu, nakaa upande wake wa kaunta, namwonyesha kitufe kilipo, na mimi naangalia barabarani wakati anabonyeza. Foleni inanung'unika. Inaninung'unikia mimi, si bibi.

Namba ya siri ya mwaka wa kuzaliwa ni habari ndefu kuliko inavyoonekana. Namba za tarakimu nne, kuanzia 0000 hadi 9999, ziko 10,000. Hilo linaonekana pori kubwa la kujifichia. Lakini miaka ambayo watu wazima walio hai wamezaliwa haifiki 100, na mtu akishakuona kwa macho ameipunguza ikabaki kumi au kumi na tano. Na akiwa na kopi ya kitambulisho chako hana haja ya kubahatisha. Chukua kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA, soma namba yako. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, zimepangwa hivyo hivyo, wala hazijafichwa. Ukimpa mtu namba ya NIDA umempa tarehe yako ya kuzaliwa. Kama tarehe hiyo ndiyo pia namba yako ya siri, umempa na pochi. Mfumo unafunga akaunti mtu akikosea mara chache, ni kweli, lakini huyu hatakosea.

Sasa hesabu ni wapi umeacha kopi ya kitambulisho. Kwa mwenye nyumba. Kwa mkopeshaji wa pikipiki. Nyumba ya wageni siku ile ya msiba Arusha. Kwa aliyekusajilia laini. Ofisi ya kijiji. Kwenye kikundi cha kukopeshana. Na kwangu, kama umepitia kwangu.

Na hapa niseme jambo la kazi yetu ambalo wenye steshenari hatupendi kulisema mbele ya wateja. Siku hizi mtu hana flashi. Anasema, "Dada, nikutumie WhatsApp uniprintie." Anatuma kwenye simu ya duka: CV, vyeti, kitambulisho, hati ya kiwanja, majibu ya vipimo. Nafungua kwenye kompyuta, nachapa, analipa mia mbili, anaondoka. Karatasi ameondoka nayo, faili amelibakiza. Lipo kwenye simu ya duka, lipo kwenye kompyuta kwenye folda ya vilivyopakuliwa, na kama simu ya duka inahifadhi mazungumzo kwenye wingu, lipo na huko. Nenda steshenari yoyote, Moshi au Arusha, chungulia skrini ya kompyuta kabla hawajaifunika. Utaona majina ya watu yamejaa kama matangazo ya misiba ukutani. Kijana wa kazi anayelipwa kwa siku anaweza kuondoka nayo yote kwa flashi moja.

Tena kuna kitu sisi wenyewe tunakichochea. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inapungua ubora, ikichapwa inatoka ukungu. Kwa hiyo tunamwambia mteja, "Tuma kama dokyumenti." Ni ushauri mzuri wa uchapaji. Lakini picha iliyotumwa kawaida WhatsApp inaivua taarifa za ndani, wakati iliyotumwa kama dokyumenti inakuja nazo zote: saa iliyopigwa, aina ya simu, na kama kamera ilikuwa imeruhusiwa kusoma mahali ulipo, inakuja na sehemu yenyewe kwenye ramani. Mama aliyepiga picha hati yake sebuleni ametuma hati na ramani ya kwenda sebuleni. Dawa yake iko kwenye mpangilio wa kamera ya simu: zima kutambulisha mahali. Ni kazi ya dakika moja, na wateja ninaowaambia wanaifanya palepale.

Mimi kila jioni kabla ya kufunga nafuta: mazungumzo ya wateja, folda ya vilivyopakuliwa, kisha pipa la taka la kompyuta. Mteja akitaka nimfutie mbele ya macho yake namfutia. Ni wachache mno wanaoomba. Omba. Si dharau kwa mwenye duka, na akinuna umeshajua uhame.

Mashine ya fotokopi nayo si ya kuaminiwa kwa sababu tu haina mdomo. Nyingi za kisasa zina diski ndani, na kinachopita juu ya kioo kinaweza kubaki humo. Mwaka 2010 kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kilinunua mashine nne zilizotumika kwenye ghala moja la New Jersey, wakatoa diski zake, wakakuta nyaraka za polisi wa Buffalo na kumbukumbu za wagonjwa wa kampuni ya bima ya afya ya Affinity ya New York. Mwaka 2013 Affinity ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa kosa hilo la kurudisha mashine bila kufuta. Sasa jiulize mashine zetu za mtumba zinatoka wapi, na siku zikichoka tunamuuzia nani. Kama una ofisi na unabadilisha mashine, mwambie fundi atoe diski au aifute kabla haijatoka mlangoni.

Teknolojia ya juu kabisa ya uvujaji, hata hivyo, ni karanga. Karatasi zilizoharibika steshenari na maofisini huwa haziteketezwi, zinauzwa kwa kilo au zinagawiwa bure, zinakunjwa pembe, zinajazwa karanga stendi. Nimewahi kula karanga za mia mbili ndani ya fomu ya mtu ya kuomba mkopo: jina, mwajiri, mshahara, jina la mke, sahihi. Zilikuwa karanga nzuri. Mimi siku hizi karatasi za taka nachana na kuzichoma nyuma ya duka, na muuza karanga wetu amenikasirikia kwa haki kabisa, maana nimempandishia gharama.

Kuhusu kopi ya kitambulisho kuna kinga ndogo isiyo na gharama. Kabla hujaikabidhi, andika juu yake kwa kalamu, kwa kukatisha katikati lakini bila kuziba namba: "Kwa ajili ya kupanga nyumba tu", na tarehe. Kopi hiyo haitatumika kirahisi kuombea mkopo. Ofisi nyingine zinakataa kopi iliyoandikwa. Basi andika pembeni ya picha, kwenye eneo jeupe, wengi hapo hawana neno.

Suala la jina nalipita haraka. Ukitaka kujua jina kamili la mwenye namba fulani, anza kumtumia hela: jina linatokea kabla hujathibitisha, unaghairi, umeshalipata. Utaratibu huo umeokoa hela nyingi zisiende kwa mtu asiyehusika, siupingi. Lakini mabinti wajue kwamba ukimpa mwanaume namba ya laini yenye akaunti ya pesa, umempa na jina la ukoo. Anayefanya biashara na watu asiowajua ni vyema awe na laini ya biashara peke yake.

Laini zenyewe zina historia yake. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Wakati ule watu wengi hawakuwa na namba ya NIDA, wakasajiliwa kwa namba ya mjomba, ya mume, ya rafiki. Wengine mpaka leo wanatembea na laini ambayo kisheria ni ya mtu mwingine, na siku ikipotea hawawezi kuirudisha bila kidole cha mwenyewe. Ugonjwa wa pili ni wa vijana wa miamvuli, wale wanaosajili laini barabarani, wasio waaminifu. Unaweka kidole, anakwambia, "Mtandao umegoma, weka tena." Kidole cha kwanza kimesajili laini yako, cha pili kimesajili laini nyingine kwa jina lako, ambayo kesho itawatumia watu ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako waifute. Na ujumbe wa kitapeli ukikufikia, peleka namba iliyoutuma kwenda 15040, usiishie kuucheka na kuufuta.

Weka pia namba ya siri kwenye laini yenyewe, si kwenye simu tu. Simu ikichomolewa mfukoni stendi, mwizi hahangaiki kuifungua. Anatoa laini, anaiweka kwenye simu yake, anaomba WhatsApp imtumie tarakimu sita, anaingia kwenye akaunti yako, anaandika kwenye kundi la jumuiya: "Wapendwa, nimekwama, naombeni 150,000 nitarudisha jioni." Laini yenye namba ya siri inamgomea mwanzo kabisa, na akikosea mara tatu inadai PUK, namba ndefu ya kuifungulia laini iliyojifunga.

Sasa mikopo ya simu, ambayo watu wameipa jina lake sahihi la kausha damu. Mimi sijawahi kukopa huko, lakini napokea ujumbe wao. "Mwambie fulani alipe deni lake leo, ni tapeli, amekuweka mdhamini." Fulani mwenyewe simfahamu. Nikifikiri vizuri, ni mteja aliyewahi kuprinti barua kwangu, akahifadhi namba ya duka. Alipopakua programu ya mkopo ilimwomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, akakubali kwa sababu mtoto alikuwa anadaiwa ada, na siku alipochelewa kulipa wakaanza kuwaandikia wote: mchungaji, bosi, mama mkwe, dada wa steshenari. Ruhusa aliitoa yeye, namba iliyotolewa ni yangu. Hapo ndipo ule usemi wa "simu yangu, maisha yangu" unaponishinda. Simu yako ina watu ndani.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kabla hujapakua, angalia kama anayekukopesha ana leseni ya Benki Kuu, na programu ikiomba majina ya watu au picha zako, kataa, uone kama bado itakukopesha. Wenzetu wa Kenya wameshaonyesha kwamba jambo hili linaadhibika: Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliipiga Mulla Pride, kampuni yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba walizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho. Wakati huohuo shule moja ya Uthiru ilipigwa 4,550,000 kwa kubandika mtandaoni picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Wenye shule za awali hapa mjini, mnaotupia picha za watoto wa watu kila Ijumaa, mmesikia?

Sisi nasi sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa zako azikusanye kwa kusudi linaloeleweka, asizidishe kuliko anachohitaji, asizitumie kwa jambo jingine. Inakupa haki ya kuuliza ana nini chako, kutaka arekebishe, kumzuia asikutumie matangazo, na kumlalamikia kwenye Tume. Katiba yenyewe, Ibara ya 16, inalinda maisha yako binafsi na mawasiliano yako. Tatizo ni kwamba mtu aliyetukanwa mbele ya mama mkwe wake kwa deni la elfu themanini hana moyo wa kuandika malalamiko. Anataka tu yaishe.

Wapo wanaoniambia kwamba mtu mwema hana cha kuficha. Nina mteja, anauza ndizi, anakuja kuweka elfu tano tano kwenye laini ambayo mume wake haijui. Tumekubaliana nisimwite jina wala nisimpigie simu, na ujumbe wa muamala anaufuta kabla hajatoka. Ile hela ni ada ya mtoto wa kike. Ikijulikana itakuwa bia, na yeye atakuwa na jicho limevimba. Hafichi uovu. Na wapo walimu ambao siku ya mshahara ukoo mzima unaijua, wanakuja kutoa usiku nikikaribia kufunga.

Lakini sitaki kusema kila kitu kifichwe. Yale makundi yetu ya michango ya harusi, ambapo orodha inabandikwa kila asubuhi, jina kwa jina, nani kaahidi nini na nani hajalipa, yanaudhi, ila yana kazi. Orodha ya wazi ndiyo inayomzuia mhazini asile. Kinachonisumbua ni kwamba orodha haikai kwenye kundi. Inapigwa picha ya skrini, inafika kwa watu ambao sasa wanajua nani ana uwezo wa kuchangia laki tano. Nimewahi kupendekeza kwenye kamati moja waweke alama ya tiki bila kiasi, kiasi abaki nacho mhazini na mkaguzi. Walicheka. Bila aibu kidogo kamati hazikusanyi hela, tusidanganyane.

Na Desemba ikifika, wale wa Dar wanaokuja Kilimanjaro kula Krismasi: picha ya kwanza Korogwe, ya pili Same, ya tatu Himo, familia nzima ndani ya gari na mbwa pia. Asante kwa taarifa, na mwizi wa Kimara anashukuru. Tupieni mkisharudi.

Dukani kwangu nimebadilisha vitu viwili. Daftari la miamala, lile ambalo kila mteja anasaini huku akisoma jina, namba na kiasi cha waliomtangulia, nimelitengenezea kadibodi yenye kidirisha kimoja. Unaona mstari wako tu. Na nimepaka mstari wa njano sakafuni, hatua chache kutoka kaunta, anayesubiri anasimama nyuma yake. Wiki za kwanza watu waliuliza kama nimefungua benki. Wengine wanauruka mpaka leo, na wazee naona haya kuwarudisha.

Jirani yangu wa uwakala hana mstari wala kadibodi. Anawawekea wateja namba ya siri mwenyewe, wengine anazijua kwa kichwa, na hana nia mbaya na mtu. Foleni yake inakwenda haraka kuliko yangu, na mwisho wa mwezi kamisheni yake inanizidi.